Wanafunzi wa Tsukuba: historia ya ekipe ya chuo iliyowatoa wachezaji wa kulipwa

Siku ya Mungu iliyopita, baada ya habari za jioni, simu ya studio ililia. Alikuwa mama mmoja aliyekimbia kijiji chake kaskazini ya Oicha, na ambaye sasa yeye na watoto wake watano wanaishi kwa jamaa moja hapa Beni. Hakutaka kusema juu ya vita. Alisema: “Mwanangu wa redio, niko na kijana wa miaka kumi na saba. Alifika mwaka wa nne wa sekondari, kiisha tukakimbia. Sasa anacheza mupira kila siku, na watu wanamwambia shule itamuharibia miguu. Mimi namwambia mupira utamuharibia kichwa. Wewe unaona namna gani?” Inite zake ziliisha kabla sijamjibu.

Mama, jibu langu ni refu kuliko inite za mtu yeyote, ndiyo maana naliandika hapa. Siku ya posho asubuhi nitalisoma pia hewani kwa wale wasio na simu ya intaneti.

Nikiri kwanza kwamba swali lako linanigusa. Nilipokuwa finalisti, nilikuwa beki wa kulia wa ekipe ya mtaa wetu. Wiki tatu kabla ya egzeta, prefe wa shule yangu aliniita ofisini na kuniambia nichague: diploma ama mpira, vyote viwili havikai katika mfuko mmoja. Nikachagua diploma. Sijutii, kwa sababu miguu yangu haikuwa ya kunipeleka mbali. Lakini tulikuwa wawili tulioitwa siku ile. Mwenzangu, aliyekuwa na miguu ya kweli, alichagua mpira, na mwaka uliofuata goti lake lilipoumia hakuwa na diploma wala ekipe. Tangu siku ile nimejiuliza ni nani aliyeandika sheria ile ya mfuko mmoja. Nilipokuwa nasoma habari za mpira wa Japani ndipo niliona kwamba kuna pahali ambapo sheria hiyo haikuandikwa kamwe.

Mwezi wa Juni 2017, katika mji wa Sendai, ekipe ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tsukuba iliingia uwanjani kucheza na Vegalta Sendai, ekipe ya daraja la kwanza la Japani. Ilikuwa mechi ya mtoano ya Kombe la Tenno, yaani kombe la mfalme mkuu wa nchi ile. Upande mmoja walisimama watu wanaolipwa mshahara kila mwezi ili wacheze mpira, na upande wa pili vijana ambao asubuhi walikuwa na masomo. Mechi ilikuwa bado changa wakati kijana mmoja mwembamba wa miaka ishirini alipochukua mpira karibu na katikati ya uwanja, akaukimbiza mwenyewe mpaka golini, akafunga. Sendai walirudisha, na mechi ikawa ya kuvutana. Mwishowe yule kijana alifunga tena, na wanafunzi wakashinda 3-2. Jina lake ni Kaoru Mitoma. Wengi wenu mnaofuata shampiona ya Uingereza mnamjua kwa jezi ya bluu na nyeupe ya Brighton. Siku ile huko Ulaya hakuna aliyemjua.

Haikuwa ajali ya siku moja. Katika raundi ya kwanza wanafunzi hao walikuwa wameitoa YSCC Yokohama, ekipe ya daraja la tatu, kwa 2-1. Baada ya Sendai waliitoa Avispa Fukuoka ya daraja la pili, tena 2-1. Hesabuni wenyewe: daraja la tatu, daraja la kwanza, daraja la pili, yote matatu mfululizo, na ekipe ambayo hakuna anayelipwa ndani yake. Mechi ya Fukuoka ilikuwa na utamu wake pekee. Kocha wa Fukuoka alikuwa Masami Ihara, kapiteni wa Japani katika Kombe la Dunia la 1998, na Ihara huyo alisoma Tsukuba. Alitolewa na wadogo zake wa chuo kilekile, wenye jezi ileile aliyoivaa yeye. Kuna wakati mtu anashindwa na bado anakula kwa furaha usiku.

Kuna watakaosema kwamba ekipe kubwa hupumzisha wachezaji wao wakubwa katika mechi za katikati ya wiki, na kwamba hawa walishinda watu wa benchi. Ni kweli kwamba ekipe za ligi hufanya hivyo mara nyingi. Lakini mchezaji wa benchi wa daraja la kwanza naye analipwa, naye amechaguliwa kati ya maelfu. Na aliyefikiri anaweza kumshinda mwanafunzi bila kutoka jasho, hilo ni kosa lake mwenyewe.

Ili kuelewa wametoka wapi, turudi nyuma sana, wakati ambapo hata sisi huku tulikuwa chini ya Leopold. Mwaka 1896 shule moja ya kufundisha walimu huko Tokyo iliunda kundi la mpira wa miguu. Mkubwa wa shule hiyo alikuwa Jigoro Kano, yule yule aliyeanzisha judo, mtu aliyeamini kwamba mwalimu asiyejua kutoka jasho hawezi kulea mtoto. Shule hiyo ya walimu ndiyo iliyokuja kuwa chuo kikuu, na mwaka 1973 ikahamishiwa Tsukuba, mji mpya wa wasomi kaskazini-mashariki ya Tokyo. Kwa hiyo wale vijana wa 2017 walivaa jezi ya ekipe ya mpira iliyo kati ya zile za zamani kuliko zote katika nchi yao.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa aibu. Mwaka 1904 walimu hao vijana walicheza na wazungu wa kilabu cha wageni cha Yokohama, wakapigwa 9-0. Mwaka 1917 shule hiyohiyo ilitumwa kuwakilisha Japani nzima katika michezo ya Mashariki ya Mbali, nyumbani Tokyo. China iliwafunga 5-0, na Ufilipino 15-2. Kumi na tano! Hapa kwetu ekipe ikifungwa kumi na tano inavunjwa jioni ileile, na wenye jezi wanazirudisha. Wao hawakuvunja. Walimaliza masomo, wakapewa kazi katika mashule ya mikoa mbalimbali, na kila mmoja akaenda na mpira wake. Mwalimu wa hesabu hapa, mwalimu wa historia kule, wote jioni wakiwa makocha. Ndivyo mpira ulivyosambaa Japani. Ulitembea ndani ya mfuko wa mwalimu, pamoja na chaki.

Wakati fulani msaada ulitoka pahali wasipotazamia. Mwanafunzi mmoja kutoka Burma, Kyaw Din, alikuja Tokyo kusoma ufundi, na alikuwa anajua mpira wa pasi fupi. Vijana wa Kijapani wakamwomba awafundishe. Akafundisha, akazunguka mashule, na mwaka 1923 akatoa kitabu cha namna ya kucheza. Alikuwa mgeni katika nchi ya watu, lugha si yake, na hata hivyo historia ya mpira wa Japani haiwezi kuandikwa bila yeye. Nawaomba wenyeji wa Beni wanaolalamika kwamba vijana wa wahami wanachukua nafasi katika ekipe za mitaa wamfikirie kidogo Kyaw Din.

Sasa nifike mwaka ambao mimi kama mtu wa redio naupenda kuliko yote, 1936. Michezo ya Olimpiki ilikuwa Berlin, Ujerumani ya Hitler. Japani ilipeleka ekipe yake ya kwanza ya mpira katika Olimpiki, na karibu wote walikuwa wanafunzi wa vyuo, wengi wao wa chuo cha Waseda. Alikuwemo pia Mkorea mmoja, Kim Yong-sik, kwa kuwa wakati huo Korea ilikuwa koloni ya Japani. Sisi watoto wa koloni tunajua maana ya kuvaa jezi ya bendera isiyo yako. Walipangwa na Sweden. Hakuna aliyewapa nafasi hata robo. Mpaka mapumziko Sweden walikuwa wanaongoza 2-0.

Mtangazaji wa redio ya Sweden aliitwa Sven Jerring, na sauti yake ilijulikana katika kila nyumba ya nchi yake. Kipindi cha pili kilipoanza wanafunzi wakarudisha bao moja, kisha la pili. Jerring alikuwa anaangalia vijana wadogo wanaotokea kila upande, wanaojitupa mbele ya kila mpira, na maneno yakamwishia. Akabaki anarudia tu: Wajapani, Wajapani, tena Wajapani. Dakika tano kabla ya mwisho wakapata bao la tatu. Japani 3, Sweden 2. Mpaka leo wazee wa Sweden wanayajua maneno yale ya redio, na Wajapani wenyewe wanauita ushindi ule muujiza wa Berlin. Raundi iliyofuata Italia, ambayo mwishowe ilichukua medali ya dhahabu, iliwapiga 8-0. Nawaambia na hili pia kwa sababu sipendi hadithi zinazokatwa pahali pazuri.

Aliyefunga bao la tatu aliitwa Akira Matsunaga. Alikuwa mwanafunzi wa ile shule ya walimu ya Tokyo, mama wa Tsukuba ya leo. Miaka saba baada ya Berlin, mwaka 1943, alikufa vitani katika kisiwa cha Guadalcanal. Beki mmoja wa ekipe ile, Teizo Takeuchi, alikufa mateka huko Siberia baada ya vita kwisha. Hata kombe lenyewe lilikwenda na vita. Lile la fedha ambalo Waingereza waliwatumia Wajapani mwaka 1919 serikali ya wanajeshi ililichukua mwaka 1945 pamoja na vyuma vingine, na halikuonekana tena. Waingereza walitengeneza jingine la kufanana na kuwapatia mwaka 2011.

Niliposoma habari za Matsunaga nilifunga kitabu kidogo. Kila mmoja wetu hapa anaweza kutaja kijana aliyekuwa na mguu mzuri na ambaye hayupo.

Baada ya vita, mashule na viwanda ndivyo vilivyoushika mpira wa Japani. Viwanda vikubwa vilikuwa na ekipe za wafanyakazi, na wanafunzi walipambana nazo katika Kombe la Tenno. Mara ya mwisho chuo kulichukua kombe hilo ilikuwa la mwaka 1966, fainali ikachezwa Januari 1967. Waseda iliishinda 3-2 Toyo Kogyo, ekipe ya kiwanda cha magari ya Mazda cha Hiroshima, iliyokuwa bingwa wa ligi. Katika Waseda hiyo alicheza Kunishige Kamamoto. Mwaka 1968 huko Mexico Kamamoto huyo akawa mfungaji bora wa Olimpiki kwa mabao 7, na Japani ikapata shaba. Kisha mwaka 1993 ikaanza ligi ya kulipwa, pesa ikaingia, wachezaji wa Brazili wakaja, na watu wakasema ekipe za vyuo zimekwisha, zimekuwa za makumbusho.

Hazikuisha. Ihara alitoka chuo. Masashi Nakayama, aliyefunga bao la kwanza la Japani katika Kombe la Dunia, dhidi ya Jamaica mwaka 1998, alitoka chuo, na chuo chenyewe ni Tsukuba. Mwaka 2009 wanafunzi wa chuo cha Meiji waliipiga 3-0 ekipe ya daraja la kwanza, Montedio Yamagata. Yuto Nagatomo, aliyekuja kucheza Inter ya Milano, alikuwa ametoka Meiji hiyo hiyo muda mfupi kabla. Lakini ukweli ni kwamba Tsukuba yenyewe ilikuwa imeshuka. Mwaka 2014 ilianguka kwenda daraja la pili la ligi ya vyuo ya Kanto, jambo ambalo halijawahi kuipata. Ekipe ya mababu, mwalimu wa walimu, ikacheza na vyuo vya daraja la pili.

Hapa ndipo pahali ninapotaka makocha wetu wasikilize vizuri, kwa sababu mambo waliyoyafanya baada ya kuanguka hayahitaji pesa nyingi. Kocha wao alikuwa Masaaki Koido, mtu aliyesoma Tsukuba na kufanya kazi na ekipe za ligi ya kulipwa, kiisha akarudi chuoni. Kundi lao la mpira lina vijana zaidi ya mia moja, na mnajua wanaocheza ni kumi na mmoja. Hapa kwetu wengine wote wangekaa pembeni wakila karanga. Koido aliwagawia kazi. Wengine walitumwa kwenda kutazama wapinzani na kuandika wanavyocheza, wengine kupima miili na uchovu wa wenzao, wengine kuhesabu pasi na mashuti kwenye video. Mwanafunzi asiyecheza akawa jicho la anayecheza. Walipokutana na ekipe ya kulipwa, walikuwa wanamjua kila mpinzani, mguu anaoupenda na pahali anapochoka. Wapinzani hawakuwa wanamjua hata mmoja wao. Walirudi daraja la kwanza la vyuo, na Desemba 2016 wakachukua ubingwa wa vyuo vyote vya Japani kwa fainali ya 8-0. Miezi sita baadaye wakafika Sendai.

Nataka niseme neno juu ya Sendai yenyewe, isionekane kama ekipe ya wabaya katika hadithi hii. Machi 11, 2011, tetemeko na mawimbi ya bahari yaliivamia pwani ile. Katika nchi nzima watu zaidi ya 18,000 walikufa ama walipotea, na mamia ya maelfu walikuwa wahami, wakilala katika majumba ya michezo na mashule. Mashindano yalisimama. Yalipoanza tena mwisho wa Aprili, mechi ya kwanza ya Vegalta ilikuwa ugenini Kawasaki, wakashinda 2-1 huku wachezaji na mashabiki wao wakilia wazi. Mwaka ule walimaliza wa nne. Watu wa Sendai wanajua ekipe ya mpira inavyoweza kumshika mtu mkono asubuhi anapoamka katika nyumba isiyo yake. Wahami wanaonisoma sasa hawahitaji mimi kuwaeleza zaidi.

Nirudi kwa Mitoma, kwa sababu yeye ndiye jibu la mama.

Mitoma alilelewa mpira katika ekipe ya watoto ya Kawasaki Frontale. Alipofika miaka kumi na minane, Frontale walimwekea mezani kandarasi ya kuwa mchezaji wa kulipwa. Mara ngapi mmesikia hapa Beni kijana wa miaka kumi na minane akiwekewa kandarasi na kusema hapana? Yeye alisema hapana. Aliona mwili wake haujakomaa na kwamba akiingia sasa ataishia benchi. Akaenda Tsukuba kusoma mambo ya michezo. Kwa kitabu cha kumaliza chuo alichagua kuchunguza kitu alichokipenda kuliko vyote, kumpita beki. Aliwafunga wenzake kamera ndogo kichwani, wakacheza, kiisha akatazama picha kuona macho ya mtu yanakwenda wapi. Aliona kwamba wale wanaopita mabeki vizuri hawautazami mpira, wanautazama mwili wa beki, na wanangojea mpaka uzito wake uelemee upande mmoja. Hapo ndipo wanapopita.

Mama, shule ile ndiyo iliyomfundisha jinsi miguu yake inavyofanya kazi.

Alimaliza miaka yake minne, akaingia Frontale mwaka 2020, na katika mwaka wake wa kwanza akafunga mabao 13 ya ligi, Frontale wakawa bingwa. Mwaka 2021 Brighton walimnunua na kumkopesha Union Saint-Gilloise ya Bruxelles, si mbali sana na Matonge ya Wakongomani wa kule. Union ndiyo kwanza ilikuwa imerudi daraja la kwanza la Ubelgiji baada ya miaka 48, na msimu uleule ikamaliza ya pili. Inaonekana kijana huyu anavutwa na ekipe ambazo hakuna anayezipa nafasi. Desemba 1, 2022, huko Qatar, Japani ilicheza na Uhispania. Mpira ulikuwa unavuka mstari wa nyuma, wote tuliona umetoka, mimi mwenyewe nilishasema studio kwamba umetoka. Mitoma akautelezea, akaurudisha ndani, mwenzake akafunga, na vyombo vikaonyesha kwamba milimita chache za mpira zilikuwa bado juu ya mstari. Japani 2, Uhispania 1. Aliyesimama nyuma siku ile katika ulinzi alikuwa Shogo Taniguchi, naye wa Tsukuba.

Na yule Tsukuba wa 2017? Katika raundi iliyofuata Omiya Ardija ya daraja la kwanza iliwatoa 2-0, na vijana wakarudi kwenye masomo.

Mwaka 2024 walifanya tena. Juni 12 walikwenda kwa Machida Zelvia, na siku zile Machida ndiyo ilikuwa inaongoza ligi nzima ya Japani. Wanafunzi walikuwa nyuma 1-0, wakasawazisha katika dakika za majeruhi, kukawa 1-1 mpaka mwisho wa muda wa nyongeza, na kwa penalti wakashinda 4-2. Safari hii haikuwa sherehe tupu. Wachezaji kadhaa wa Machida waliumia vibaya, na kocha wao, Go Kuroda, alilalamika hadharani juu ya namna wanafunzi walivyowaingilia na juu ya mwamuzi. Ubishi ukaingia magazetini, wengine wakimuunga mkono, wengine wakimwambia akubali kushindwa. Mimi sikupenda kuona watu wameumia, na sitasema kwamba mwanafunzi ana ruhusa ya kuvunja mguu wa mtu anayeutumia kulisha watoto. Lakini nilicheka kidogo kwa sababu Kuroda mwenyewe kwa miaka karibu thelathini alikuwa kocha wa shule ya sekondari, Aomori Yamada. Kama kuna mtu aliyejua mwanafunzi anavyocheza asipokuwa na kitu cha kupoteza, ni yeye. Mwezi uliofuata Kashiwa Reysol waliwatoa 2-1 katika muda wa nyongeza.

Sasa najua kuna atakayenipigia kuniambia Japani ni Japani na Beni ni Beni. Ni kweli. Uwanja wao una nyasi, wetu una vumbi na mawe, na kuna siku hatuchezi kabisa kwa sababu ya habari zinazotoka upande wa barabara. Chuo kwao kina maabara. Hapa kuna darasa moja lenye watoto tisini na nusu yao wamekaa chini. Sitamdanganya mtu kwamba kijana wa muhami akishika kalamu ataishia Brighton. Hata huko Tsukuba wengi wa vijana wale mia na zaidi hawatalipwa kamwe kucheza mpira. Watakuwa walimu, waganga wa viungo, watu wa video, na baadhi yao makocha watakaomfundisha Mitoma mwingine.

Tena sisi Wakongomani hatuna sababu ya kujidharau mbele ya hadithi za namna hii. Desemba 2010, Abu Dhabi, TP Mazembe iliitoa Pachuca ya Mexico 1-0, kiisha Internacional ya Brazili 2-0, ikafika fainali ya dunia ya vilabu, na Kidiaba akarukaruka kwa matako uwanjani mbele ya ulimwengu wote. Mazembe ilikuwa na pesa na wachezaji wa kulipwa, ndiyo, haifanani na Tsukuba. Lakini hata hapo hakuna aliyeipa nafasi.

Ninachobishana nacho ni ile sheria ya mfuko mmoja. Prefe anayemfukuza mchezaji, na kocha wa mtaa anayemwambia kijana aache shule ili afanye mazoezi asubuhi, wote wawili wanakata tawi lilelile. Hapa Beni kuna masomo ya kufidia kwa watoto wa wahami, ya asubuhi. Mazoezi ya ekipe nyingi ni ya jioni. Sijaona saa ambayo viwili hivyo vinagongana.

Juzi nilikwenda kumtafuta yule mama. Ilinichukua nusu siku kwa sababu jina la avenue alilonipa lilikuwa la zamani. Nilimkuta kijana wake nyuma ya nyumba akitengeneza mpira kwa mifuko na kamba ya mgomba, ingawa wa ngozi uko kwa jirani. Nilimsimulia habari za Tsukuba karibu saa nzima, za Berlin, za Sendai, za wale mia wasiocheza. Alisikiliza bila kusema neno, na nilifikiri nimemchosha. Nilipofika kwa Mitoma aliacha kufunga kamba.

“Yaya,” aliniuliza, “ile kamera ya kichwa, walikuwa wanaifunga na nini ili isianguke wakikimbia?”

Mama yake, aliyekuwa anachambua sombe mlangoni, alinitazama. Nilimwambia kijana sijui, na kwamba mwalimu wa fizikia wa shule iliyo nyuma ya soko anaweza kujua. Akaniuliza anafundisha saa ngapi.